Taa Nyekundu Kwenye Mkoba

Niliiona moja juzi kwenye meza ya fundi simu, karibu na stendi ya Ifakara, imelala kifudifudi kati ya chaja zilizokatika waya. Fundi akaigeuza anionyeshe vitufe vyake. Kati ya kitufe na kitufe kulikuwa na ule uchafu wa kahawia ambao hakuna anayejua umetokana na nini hasa: jasho, mafuta ya chapati, nta ya sikio, vumbi la barabara zetu, vyote vimegandamana pamoja. "Hizi zilikuwa simu za wakubwa, mama," akasema kwa heshima, kisha akaipuliza. Mate yake yakaingia humo humo. Nikamuaga, nikatoka nje bila kununua kava nililolifuata.

Wanangu wanadhani nachukia simu kwa sababu ya uzee. Sichukii simu. Ninayo ya kioo, na wajukuu nawaona humo kila Jumapili baada ya misa. Ninayoichukia ni ile aina moja, ya miaka ile ambayo pantoni ya Kivukoni ilikuwa bado inavusha watu na daraja lilikuwa bado maneno tu. Nitaeleza kwa nini, na sitaremba.

Nilikuwa karani mkuu kwenye ofisi ya mradi wa mbegu za mpunga, mtaa wa Lipangalala. Bosi wetu aliletwa kutoka makao makuu Dar es Salaam, lakini alizaliwa kijijini kama sisi na akalelewa na bibi yake kama sisi. Nalitaja hilo mapema ili mtu asije akamtetea kwamba hakujua mila. Alirudi kutoka kikao kimoja huko Dar akiwa na ile simu kiunoni, ndani ya kava la ngozi lililobanwa kwenye mkanda, na tangu siku hiyo akawa anatembea ametanua mkono mmoja kidogo, kama mtu mwenye jipu kwapani.

Mchana tulikuwa tunakula pamoja ofisini, wali na kambale, kwa mikono. Simu ikitetemeka, bosi analamba kidole gumba, anaifuta midomo kwa mgongo wa mkono, anaanza kubofya. Punje ya wali iliwahi kukwama pembeni mwa herufi M, ikakaa pale mpaka ikakauka. Alikuwa anaingia nayo chooni pia. Tulimsikia mle ndani akibofya, tik tik tik, kisha mlango unafunguka bila maji kusikika, kisha anakunyooshea ile simu puani: "Hebu soma hapa, mama, umeona walichojibu?" Nilikuwa naweka mikono nyuma na kusoma kwa mbali. Alidhani macho yangu yameanza kuchoka, akaniahidi kunitafutia miwani.

Siku moja walikuja wazee wa wakulima, watu waliotembea kwa baiskeli kutoka mashambani na tope lao miguuni, kuulizia mbegu. Bosi akawasalimia, "Shikamooni wazee wangu," macho yake yako kwenye kioo, vidole vinakimbia. Mzee mmoja akaitikia marahaba, akaitikia kwa utosi wa bosi, maana ndio uliokuwa umemwelekea. Wakakaa pale wakimsubiri amalize. Hakumaliza. Kila alipoinua kichwa, kile kitu kilitetemeka tena, naye akainamisha kichwa tena, na wale wazee wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Niliona aibu mpaka nikaenda kuwachemshia chai ambayo haikuwa kazi yangu.

Kisha makao makuu wakatuletea na sisi. Mimi, bibi shamba wetu, mtunza ghala na wengine wachache tukaitwa ukumbini tufundishwe. Bosi alifundisha mwenyewe, na sijawahi kumwona akiwa na furaha vile. Alituonyesha kwamba kila herufi ina kitufe chake, kidogo kama punje ya mchele. Katikati kulikuwa na kijipira cheupe cha kuviringisha kwa gumba. Kijipira hicho, nakwambia, kilikuwa kinakusanya uchafu wa vidole mpaka kinagoma, na tiba yake kwa mujibu wa bosi ilikuwa kukisugua kwenye suruali. Imeili haikuhitaji kufuatwa, ilikuwa inakuja yenyewe usiku na mchana. Juu kabisa kwenye kona palikuwa na kitaa chekundu kinachopepesa kila ukiwa na ujumbe ambao hujausoma, na hakikomi mpaka usome.

Lakini kilichomfurahisha kuliko vyote ni kava. Ndani yake kulikuwa na sumaku, na simu yenyewe ilijua kama iko ndani au nje. "Ukiichomoa tu," akasema, "ujumbe mpya unajifungua wenyewe. Huna haja ya kubofya chochote." Akaichomoa na kuichomeka, akaichomoa na kuichomeka, huku akitutazama kama anayesubiri makofi. Mwisho akatuandikisha sote kwenye anwani moja aliyoiita Wote. Ukiandika kwa Wote, ofisi nzima inapata kwa mara moja.

Bibi shamba akanyoosha mkono. "Na kama mtu hataki kusoma?"

"Kwa nini usitake?" bosi akauliza, na alimaanisha kweli.

Huyo bibi shamba ndiye mwenzangu nitakayemzungumzia. Alikuwa mtoto wa wakulima wa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, mwanamke wa mabuti ya mpira na kilemba cha kitenge, mwenye vidole vinene vilivyopasuka kwa tope la majaruba. Akibonyeza herufi moja zinatoka mbili. Alikataa kuifunga ile simu kiunoni, akawa anaitupa kwenye mkoba na kava lake, akaisahau humo. Wakulima walimpenda kwa sababu alikuwa anawatazama machoni. Mimi nilimpenda kwa sababu alinichekesha, na kwa sababu kila Krismasi alinipeleka kwao, nikalishwa na mama yake mpaka nikashindwa kuinuka.

Baba yake alikuwa anaumwa tangu masika yalipoanza. Kifua, kisha miguu kuvimba. Kila Jumamosi mwenzangu alikuwa anavuka kwenda kumwona, na kila Jumatatu alikuwa anarudi akiwa amepungua maneno. Alikuwa mtoto wa pekee wa kike, na baba huyo ndiye aliyeukatalia ukoo mzima walipotaka aache shule aolewe. Alikuwa akisema, "Yule mzee akiondoka, sijui nitasimama kwa miguu ipi." Aliisema huku anacheka, lakini niliiona hofu yake na sikucheka naye.

Asubuhi moja baba yake mdogo akanipigia kwenye simu yangu ya kawaida. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kama nimekaa, nami nikajua.

"Kaka yangu ametutoka alfajiri," akasema. "Sasa nakuomba, mwanangu. Mwenzako asijue. Mwambie tu mgonjwa amezidiwa, anaitwa nyumbani. Mlete mwenyewe. Akishafika hapa, sisi tutamwambia."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Kwetu mfiwa hapewi habari kwa simu, wala njiani. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa. Huenda moyo wake unamwambia, lakini hakuna anayemthibitishia. Kule nyumbani watu wanatega macho barabarani, na gari likionekana vilio vinanyamazishwa, wanaume wanahamia nyuma ya nyumba, viti vinasogezwa. Anapokelewa kwa maji ya kunywa. Anaketishwa kati ya wanawake wawili wanaombana mabega, ndipo mkubwa mmoja anafungua mdomo. Nimewahi kumsikia msomi mmoja akisema huo ni uongo. Uongo gani. Ni kumbeba mtu mpaka mahali ambapo akianguka kuna mikono ya kumdaka.

Kwa hiyo kazi yangu siku ile ilikuwa hiyo moja tu: kumfikisha kwao bila yeye kujua, ili kilio chake cha kwanza akilie kwa mama yake.

Nikaingia kwa bosi. Alikuwa amejiegemeza, vidole gumba viwili vinakimbia.

"Bosi, baba yake bibi shamba amefariki alfajiri. Mwenyewe hajui. Ndugu wameomba asiambiwe mpaka afike. Naomba gari nimpeleke."

"Ooh. Pole yao." Vidole havikusimama. "Chukueni gari."

"Hajui, bosi. Asiambiwe."

"Nimekusikia, mama."

Dereva wetu alikuwa mtu mzima aliyehamia huku na ng'ombe wa baba yake kutoka Kanda ya Ziwa, akaacha ng'ombe akakamata usukani. Nilimweleza nyuma ya ghala. Akavua kofia. "Kwetu nako ni hivyo hivyo," akasema. "Mimi nitaendesha, sitaongea." Hapo ndipo tulipokosea, maana mtu huyo kwa kawaida mdomo wake haufungiki kutoka Lipangalala mpaka Kidatu. Hatujafika hata nje ya mji, mwenzangu akamwuliza, "Leo mbona kimya?" Akajibu jino linamuuma. Akajishika shavu kabisa, akaendesha kwa mkono mmoja.

Mwenzangu alikuwa kiti cha nyuma pamoja nami, mkoba mapajani. Nilikuwa nimemwambia kama nilivyoagizwa, kwamba mzee amezidiwa na wanamhitaji. Aliniuliza mara moja tu, "Amezidiwa sana?" Nikasema walisema tuwahi. Hakuuliza tena. Akatazama nje kwenye mashamba, mpunga ukiwa umeshika kijani kote kote, akawa anavuta uzi wa pindo la kitenge chake. Nilimwonea huruma.

Kivukoni tulikuta pantoni iko ng'ambo. Tukapanga foleni nyuma ya lori la magunia. Kando ya barabara akina mama walikuwa wanakaanga perege, moshi unatupitia. Pale mtandao ulikuwa unashika vizuri kuliko hata mjini, na hilo ndilo lililotumaliza. Simu yangu ya ofisini ikatetemeka. Nikaichomoa kwenye kava bila kufikiri, na ujumbe ukajifungua wenyewe usoni kwangu, kama bosi alivyoahidi.

"Ndugu wafanyakazi, kwa masikitiko makubwa nawatangazia kifo cha baba mzazi wa mwenzetu, Bibi Shamba, kilichotokea alfajiri ya leo. Tumwombee mwenzetu katika kipindi hiki kigumu." Chini yake jina lake na cheo chake, na chini kabisa mashine ikajiongezea mstari wake, kutangaza kwamba ujumbe huu umetoka kwenye simu ya aina fulani. Msibani kabisa, na bado inajinadi. Nikatazama juu ulikotumwa. Kwa Wote.

Mkoba wa mwenzangu ukanguruma.

Sijui kama nimewahi kukichukia kitu kwa nguvu ile. Mngurumo mmoja mfupi, wa adabu, kwenye mapaja ya mtoto aliyefiwa.

"Hao nao," akasema mwenzangu, akausogeza mkoba. "Wacha wasubiri."

Nikajikaza. "Dada, niazime simu yako ya ofisi. Yangu imekwisha chaji."

Akaitazama ile iliyokuwa mkononi mwangu. "Yako si inawaka hiyo?"

Ilikuwa inawaka. Ujumbe mwingine ulikuwa umeshaingia, na kile kitaa chekundu kilikuwa kinapepesa juu ya ngumi yangu bila haya. Nikasema inasumbua, nikafungua mlango, nikashuka. Nikapita nyuma ya wakaanga samaki, nikampigia bosi kwa simu yangu ya kawaida.

"Bosi, umeandika nini?"

"Tangazo la msiba. Limefika?"

"Umeandika kwa Wote."

"Ndiyo, kwa wote."

"Na yeye yumo kwenye Wote."

Nikasikia kitufe kimoja kikibofywa. Hata hapo alikuwa anabofya. "Aisee," akasema. "Subiri, nalirekebisha."

Nikasubiri, nikaamini kwamba mashine yenye ujanja wote ule lazima itakuwa na njia ya kurudisha neno lililotoka. Muda si muda simu ikatetemeka. "Tafadhali puuzeni ujumbe uliotangulia." Kwa Wote. Basi ofisi nzima, hata wale ambao walikuwa hawajausoma uliotangulia, wakaenda kuusoma wajue wapuuze nini. Kisha zikaanza pole. Mtunza ghala, pole dada kwa kufiwa na mzee. Mhasibu, pole sana. Mtu wa makao makuu ambaye hata hatumjui sura, pole kwa niaba ya idara yake. Kila mmoja alijibu kwa Wote, na kila mmoja aliongeza mngurumo kwenye ule mkoba.

Niliporudi garini ulikuwa unanguruma kama mende aliyefunikwa na kopo. Zipu haikuwa imefungwa yote. Ndani, kwenye giza la mkoba, kati ya leso na rozari na chupa ya maji, kile kitaa kilikuwa kinawaka na kuzima, chekundu, kinawaka na kuzima. Dereva alikuwa ameweka kiganja shavuni na macho yake yako kwenye kioo cha kati, yananiuliza.

"Kuna nini ofisini leo?" mwenzangu akauliza.

"Mambo ya ripoti."

"Ripoti gani inapiga kelele hivi?"

"Wanataka ya robo mwaka. Wapuuze."

Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida. Pantoni ikagonga gati, na watu wakaanza kushuka na baiskeli zao na ndoo zao. Utaratibu ulikuwa kwamba abiria wote wanashuka kwenye magari na kuingia kwa miguu, dereva peke yake anaingiza gari. Nikamwambia aache mkoba garini, usije ukamchosha. "Mkoba nauacha vipi na watu wote hawa?" akasema, akautia begani. Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili timamu.

Nilimganda. Lakini mfugaji mmoja alikuwa anavusha ndama, nao wakaingia kati yetu, wakanisukuma mpaka kwenye ubavu wa lori. Nilimwona kwa mbali, amesimama kwenye bomba la pembeni, mgongo umetugeukia, anatazama maji. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu kwa udongo wa masika. Injini ilikuwa inapiga kelele za kuziba masikio. Mitumbwi miwili ilikuwa inapita upande ule, nikadhani anaitazama hiyo. Nilimwomba Mungu wangu pantoni iende haraka.

Tulipofika ng'ambo nilimkuta ananawa uso kwa maji ya chupa. "Jua kali," akasema. Akaingia garini, na mkoba akauweka mwenyewe huko nyuma kabisa, juu ya tairi la akiba. "Ukae huko. Sitaki kusumbuliwa." Nikashusha pumzi. Nilifurahi, jamani. Njia yote ya Minepa mpaka kwao nilikuwa nahisi nimeibeba kazi yangu mpaka mwisho, na ile mashine inaweza kunguruma huko nyuma mpaka ife.

Nyumbani walikuwa wamejipanga kama inavyotakiwa. Kuku peke yao ndio waliokuwa uwanjani. Nilijua kwamba nyuma ya nyumba kuna kijiji kizima kimebana pumzi, lakini mbele palikuwa kimya. Shangazi yake akatoka na kikombe cha maji, akampokea, akamwuliza habari za safari. Akampokea na mkoba pia, maana dereva alikuwa ameshaushusha, kwa adabu yake. Tukaingia chumbani. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na ukuta, miguu ameinyoosha, hasemi. Mwenzangu akaketishwa kati ya shangazi na mke wa kaka yake, nao wakambana mabega. Baba mdogo akakaa kwenye kigoda mbele yake, mikono magotini.

"Mwanangu," akasema, "tulikuita kwamba baba yako amezidiwa."

Kwenye kona ya mkeka, mkoba ukanguruma.

Akasita. Akaanza tena. "Tulikuita kwamba amezidiwa. Tumemuuguza wote, wewe mwenyewe umemuuguza." Ukanguruma tena. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, na kwenye kile kiza cha ndani kitaa kilikuwa kinapepesa kupitia zipu, kinawapaka wanawake wekundu kwenye nyayo. Bibi mmoja akajivuta nyuma akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna mdudu humo?" Baba mdogo akapandisha sauti kidogo, mtu wa umri ule, anashindana na mashine kwenye kazi aliyoifanya kwa heshima maisha yake yote. "Basi, mwanangu, Mungu amempenda zaidi. Ametutoka."

Vilio vikapasuka uani, kwa mara moja, kama vilivyokuwa vimezuiwa. Shangazi akamkumbatia kwa nguvu kumzuia asijitupe chini. Lakini hakukuwa na cha kuzuia. Alikaa wima. Macho yake yalikuwa makavu, yanatazama kigoda.

Sikuweza kuuvumilia ule mngurumo. Nikauchukua mkoba, nikatoka nao mpaka nyuma ya jiko, nikaichomoa ile simu niizime. Ikajifungua yenyewe, ya kwanza juu ni pole ya mtu nisiyemjua. Nikaviringisha kile kijipira chenye utelezi kwenda chini. Kila ujumbe ulikuwa na picha ya bahasha, imefungwa kama haijasomwa, imefunguliwa kama imesomwa. Ukiacha hiyo niliyoifungua mimi, zote zilikuwa zimefungwa isipokuwa mbili: ya mtunza ghala, na chini yake lile tangazo la bosi. Niliichomoa betri kama unavyomng'oa kupe, na kidole changu kikabaki na utando wa mafuta ambayo hayakuwa yangu. Nilikinawa kwa majivu, kisha kwa maji, kisha kwa majivu tena.

Baadaye sana aliniambia ilivyokuwa. Pale kwenye pantoni alitaka kuona saa. Aliichomoa aangalie saa tu.

Niliporudi chumbani wanawake walikuwa wanalia na yeye bado amekaa vile vile. Nilisikia wakinong'ona nyuma yangu. Mmoja akasema mjini kunakausha watu. Mwingine akasema, na huyo ndiye aliyependwa kuliko wote. Mwenzangu aliyasikia, niliona taya yake ikikaza. Kwa mila, mwenye chumba hicho cha kilio alikuwa mama yake, na mjane hatakiwi kusema neno mpaka wakubwa wamemaliza. Lakini mama akakusanya miguu yake, akasogea kwenye mkeka kwa makalio mpaka akafika mbele ya mwanae, akamshika kidevu.

"Mwanangu, mbona hulii?"

"Nimeshalia, mama. Kwenye pantoni."

Mama akageuza shingo, akanitazama mimi. Akatazama mlangoni, alikosimama dereva na kofia yake mkononi. Aliona kwenye nyuso zetu kwamba hatukuwa na habari ya kilio hicho. Akarudi kwa mwanae.

"Ulilia na nani?"

Akatikisa kichwa tu.

"Basi huko hukulia," mama akasema. "Na mimi sijakwambia." Akamwonyesha shangazi kwa mkono ampishe, akaketi mahali pake, bega kwa bega na mwanae, na kwa sauti ya mtu anayesimulia habari ya jana akaanza mwanzo. Kwamba jana jioni baba yako alikunywa uji, akasema una chumvi kidogo. Kwamba alitaka dirisha liachwe wazi asikie mvua. Kwamba aliuliza leo siku gani, nikamwambia Alhamisi, akasema basi bado kidogo Jumamosi aje mwanangu. Hapo mwenzangu akafungua mdomo, na kilio kilichomtoka kiliwafanya wale waliokuwa wakinong'ona wainue kanga zao na kujifunika nyuso. Mama yake hakunyamaza. Aliendelea kumweleza katikati ya kilio kile, neno kwa neno, mpaka alipoifikia ile alfajiri.